Mistari Miwili na Keki Moja

Kila mkutano wetu ulikuwa na keki. Asiyetujua angedhani watu wa kijiji chetu tulizaliwa kwa zamu, mmoja kila mwezi, na kwamba tulikuja Dubai ili tuwashiane mishumaa. Ukweli ni kwamba tuliogopa. Watu kukusanyika nyuma ya kampu la wafanyakazi kule Jebel Ali na kuanza kuchangishana pesa bila kibali lilikuwa jambo la kukurudisha nyumbani bila kuaga, na hata wale ambao hawakuijua sheria vizuri waliiogopa vizuri. Basi Ijumaa ya kwanza ya mwezi, tuliokuwa na mapumziko tulitoka kanisani, maana kule ibada zetu zilikuwa Ijumaa, mmoja akapitia dukani kununua keki, tukakaa kwenye kivuli cha mabasi ya kampuni. Kampu bosi, msimamizi wa kampu, akitokea, tunaimba wimbo wa siku ya kuzaliwa. Akiondoka, tunarudi kwenye ajenda.

Ajenda ilikuwa moja tu, shule ya msingi ya kijijini kwetu, ambako karibu sote tulijifunzia a, e, i, o, u. Ni shule ya serikali. Upepo ulikuwa umeng'oa paa la darasa la saba, na pesa ya serikali huja kwa kuhesabu vichwa vya watoto, pesa ya chaki na vitabu, si ya kujenga. Wazazi walioko nyumbani walikuwa wamechangishwa mpaka wakachoka, na kidogo walichotoa kilimlipa mwalimu mmoja wa kike waliyemwajiri wao wenyewe, kwa sababu serikali haikuleta walimu wa kutosha. Sisi tulio ng'ambo tukasema tutajenga madarasa mawili. Tulichanga kwa muda mrefu, katikati ya miaka hiyo ya elfu mbili na kumi, mwezi kwa mwezi, keki kwa keki.

Mimi nilikuwa na sababu yangu. Binti yangu alikuwa darasa la sita, akikaa kwa mama yangu, na mwaka uliofuata angeingia katika darasa hilo lisilo na paa. Kila muhula alikuwa wa kwanza au wa pili. Nilijivuna kama mzazi yeyote aliye mbali anavyojivuna, yaani kupita kiasi. Hata madam mmoja wa ghorofa za juu, kwenye jengo nililokuwa nalinda Jumeirah Lake Towers, alizijua alama zake za hesabu, maskini, na alikuwa anasubiri lifti tu.

Kisha pale kijijini ikafunguliwa akademi, shule ya mtu binafsi. Ilijengwa karibu na soko, ukuta wa samawati, basi la manjano, watoto wenye soksi mpaka magotini. Karo yake ilikuwa ya kulipwa na mtu mwenye jamaa ng'ambo. Ilipofunguliwa tu, jirani wa chini akaanza kunyamaza.

Jirani wa chini ndivyo nilivyomwita, naye akaniita jirani wa juu, kwa sababu ya vitanda vyetu vya ghorofa. Tulitoka kijiji kimoja, tukaletwa na wakala mmoja, tukalala chumba kimoja. Yeye alilinda ghala kule eneo huru la biashara. Tulipika sufuria moja, na katika kampu hilo si jambo dogo: watu wanaopika pamoja wanajuana mishahara, magonjwa na siri. Alikuwa na mtoto mmoja, mvulana wa darasa la nne, aliyemwachia dada yake. Kila jioni mvulana huyo alimtumia sauti kwenye simu, nami niliyekuwa juu nilisikia zote. Alikuwa mcheshi. Alimwiga mwalimu mkuu, alimwiga mbwa wa jirani, na mara nyingine alimsomea mama yake kitabu.

Siku moja jikoni, nikikatakata spinachi ambayo tuliilazimisha iwe sukuma wiki, akaniambia kwamba kwenye mkutano ujao ataomba pesa zote tulizochanga zigawanywe. Kila mwanachama achukue fungu lake, ampeleke mtoto wake shule anayoitaka. Hakuwa peke yake, alikuwa ameshaongea na wengine. Walikuwa hata na neno lao, wakilisema mmoja mmoja kama watu waliolikariri: pesa imfuate mtoto.

Damu ilinipanda. Nilimuuliza mtoto wa kijijini asiye na jamaa Dubai pesa itamfuata kutoka wapi. Akasema hilo si lake. Nikamwambia kwamba shule ile ilitutoa sisi sote. Akauliza, imetutoa wapi, na tazama tulipo, tunafungulia watu milango. Nikamwambia tusilaumu jengo, mtoto husomeshwa na nyumbani. Nililisema bila kufikiri ni nani kati yetu aliyekuwa nyumbani.

Aliweka kisu chini taratibu.

"Jirani wa juu, wewe unaitetea shule kwa sababu mtoto wako anajua kusoma."

Jioni ile alijipikia peke yake kwenye jiko la mwisho, karibu na mlango, na mimi nikala spinachi yangu nikiwa nimekaa juu kitandani kama kuku aliyefukuzwa bandani. Siku zilizofuata tulipishana chumbani tukisema samahani na asante, maneno ambayo watu wa sufuria moja hawana haja nayo. Simu yake ikaanza kulia kwenye vifaa vya masikioni, nami sikumsikia mvulana tena.

Ijumaa ya mkutano ilikuja na joto lake. Mwenyekiti wetu alikuwa mwanamume mtu mzima tuliyemwita Mwalimu, kwa sababu kabla ya kuja kulinda maghala alifundisha katika shule ile ile, mwalimu asiye na cheti, kwa miaka mingi. Wengi wetu tulipita mikononi mwake. Alisimama akaeleza jambo hilo kwa haki, siwezi kumsingizia. Alisema wapo wanaotaka madarasa na wapo wanaotaka mafungu, na kila upande utasema.

Upande wa madarasa alisema yeye mwenyewe. Alituambia tufikirie kichwa cha mtoto kama serikali inavyokifikiria. Mtoto akihama, kichwa kimehama, na pesa yake ya chaki imehama. Mzazi wake naye haoni tena sababu ya kuchangia yule mwalimu wa wazazi. Wakiondoka wenye jamaa Dubai, watakaobaki ni wale wasio na mtu, na shule ya wasio na mtu haina wa kuipigia kelele. Watu waliitikia kwa vichwa. Mimi niliitikia kwa kichwa na kwa mkono.

Kijana mmoja ambaye hana mke wala mtoto alipendekeza kwamba, kama kugawana ni kugawana, basi twende sote Hatta tukaone bwawa na milima, tupige picha, yaishe. Tulimzomea, lakini walau tulicheka.

Jirani wa chini aliposimama, kicheko kiliisha. Hakuwa msemaji. Alisema kwamba amemsikiliza Mwalimu tangu akiwa darasa la kwanza na hajawahi kumbishia. Alisema madarasa ni mazuri, yatachukua mwaka mmoja kujengwa, pengine miwili, na mwanawe hana mwaka wa kusubiri. Kisha akasema neno ambalo mpaka leo watu wetu wanalirudia.

"Mtoto wangu si tofali, Mwalimu. Siwezi kumweka hapo ili ukuta wa wengine usimame."

Mwalimu akasema tupige kura. Kwetu kura za chama hazipigwi kwa karatasi. Unapanga mstari nyuma ya unayemtaka, mchana, kila mtu akikuona, na kwa sababu hiyo hakuna anayeweza kusema ameibiwa, ingawa wengi husema wameaibishwa. Mwalimu akasimama karibu na gurudumu la basi la kwanza. Jirani wa chini akasimama karibu na la pili. Watu wakaanza kujikokota. Mimi nilikwenda moja kwa moja nyuma ya Mwalimu, nikamwangalia jirani yangu usoni, naye akaangalia pembeni. Mstari wetu ulikuwa mrefu. Hata kipofu angeuona.

Mweka hazina alikuwa anaanza kuhesabu kwa kidole ndipo kampu bosi alipotokea kwenye kona, na funguo zake kiunoni.

Watu waliokaa kuzunguka keki wana maelezo. Watu waliopanga mistari miwili kimya kimya, wakikabiliana, hawana. Tulianza kuimba, lakini sauti zilitoka moja moja, na mstari wa pili ulianza baada ya mstari wa kwanza. Kampu bosi akasimama. Akauliza ni siku ya nani. Vidole vikamwelekea Mwalimu. Akamtazama Mwalimu kwa muda, akasema kwa upole kwamba mwaka huu Mwalimu amezaliwa mara nyingi sana. Na hii mistari?

"Ya keki, arbab," Mwalimu akajibu, akimwita bwana kwa Kiarabu. "Tusigombane."

Kampu bosi akakunja mikono kifuani na kungoja aone hiyo keki ikigawanywa. Ilibidi tule. Mimi nilipewa kisu, kwa kuwa ni mwanamke na nilikuwa karibu. Nilikata vipande, nikapita nikigawa kwenye karatasi za jikoni, na watu wakala wakiwa wamesimama, huku jasho likiwatiririka, keki wasiyoitaka, nyuma ya watu wanaowapigia kura. Nilipofika kwa jirani wa chini nilimnyoshea kipande. Hakukipokea. Alikuwa ameshatoa simu mfukoni.

Akaibonyeza, akaiweka juu ya boneti ya basi. Sauti ya mvulana ikatoka. Alikuwa anasoma hadithi ya mbuzi aliyekula kofia ya mkaguzi wa shule. Basi, hadithi ile sote tuliijua. Ilikuwa kwenye kitabu cha darasa la pili, kitabu ambacho shule haikuwahi kupata pesa ya kukibadilisha, kikitoka mkono mmoja kwenda mwingine mpaka jalada likawa la gazeti. Mtu mmoja akaanza kusema pamoja na mvulana, akafuata mwingine, na mara tukawa sote tunaisema hadithi ya mbuzi kwa sauti moja, vinywa vikiwa na keki, mpaka pale mkaguzi anaporudi mjini kichwa wazi. Hata mstari wetu ulicheka. Kampu bosi alidhani ni wimbo wa kwetu wa kuzaliwa. Akatabasamu, akachukua kipande chake cha keki, akasema yalla, haya, msikae sana juani, akaenda zake.

Sauti ilipokwisha, jirani wa chini alifungua mkoba wake akatoa kitabu kipya, chembamba, chenye picha ya msichana na mzinga wa nyuki. Alieleza kwamba alimtuma mwenzetu mmoja aliyekwenda likizo anunue nakala mbili, moja ampe mtoto, nyingine amletee yeye, ili wasome pamoja kwa simu. Siku ya kurekodi sauti ile, mtoto alikuwa ameshika nakala yake ya kitabu hicho. Yeye alikuwa amemwambia asome ukurasa wa kwanza.

"Hiki ndicho alichokuwa ameshika," alisema. "Humu hakuna mbuzi."

Mwalimu alikiomba kitabu. Alikifungua, akakifunga, akakifungua tena. Yeye ndiye aliyetufundisha wengi wetu hadithi ya mbuzi, kwa kuitikia, yeye akisema na darasa zima likijibu, kwa kuwa vitabu vilikuwa vichache na watoto walijaa mpaka dirishani. Alichosema ni kwamba mstari upangwe upya, kwa kuwa hesabu ilikatizwa.

Watu wakahama. Hawakuhama wote, na hawakuhama kwa haraka. Walifuta midomo, wakatazama viatu, wakavuka ile nafasi ndogo kati ya basi na basi bila kumtazama Mwalimu. Mimi nilibaki. Nilimwonea jirani yangu huruma, na bado sikuvuka. Niliwafikiria walioketi na mwanawe dawati moja, ambao nao bila shaka walimjua mbuzi kwa moyo, na mama zao hawana basi la kusimama karibu nalo. Mwalimu alihesabu mwenyewe safari hii. Alirudia kuhesabu.

"Khalas, yamekwisha," akasema. "Pesa imfuate mtoto."

Basi, pesa zikagawanywa. Mimi fungu langu nililituma kwa mwalimu mkuu wa shule yetu, lote, kwa kiburi, nikamwagiza aanze ujenzi. Alinishukuru sana. Fungu moja halijengi darasa, alinunua mlango. Mlango mzuri wa mbao ngumu, na fremu yake na kitasa, ukaegemezwa ofisini kwake ukisubiri ukuta. Mama yangu aliponieleza alicheka mpaka akakohoa, nami nilimkasirikia kwa siku kadhaa, kwa kuwa alikuwa na haki ya kucheka.

Watoto wengi wa wanachama wetu walihamia akademi muhula uliofuata. Kule walimpima mvulana wa jirani yangu, wakasema wa darasa la nne huyu hapana, akubali kuanza na wadogo au arudi alikotoka. Akakubali. Kijana mrefu, magoti yakigonga meza, akaketi na watoto waliokuwa wakimfika kifuani. Jirani wa chini hakunieleza hayo. Niliyasikia kutoka kwa wengine, kwa kuwa bado tulikuwa tunapika kwenye majiko mawili. Aliomba zamu za ziada ili fungu likiisha karo isikatike, akarudi kila siku macho mekundu, na mimi nikajifanya nimelala.

Alasiri moja, miezi mingi baadaye, nilihisi ngazi ya kitanda ikitikisika. Alipanda mpaka juu, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu tugombane, akanipa kile kitabu cha nyuki na kuniambia nifuatilie kwa kidole. Akabonyeza simu. Mvulana alisoma polepole, akikwama, akirudi nyuma, akilitafuna neno "mzinga" mara kadhaa kabla ya kulimeza. Hakuruka hata moja. Kidole changu kilipofika mwisho wa ukurasa, sauti yake nayo ilifika. Tulilia wote wawili, kwa kelele, mpaka msichana Mganda wa kitanda cha tatu akauliza ni nani amefariki. Jioni hiyo tulipika sufuria moja, na sijawahi kula ugali mtamu kama ule.

Nilifurahi kwa moyo wangu wote. Naomba niaminiwe hapo, kwa sababu ya yaliyofuata.

Ijumaa nilimpigia binti yangu. Nilimweleza kwamba yule mvulana sasa anasoma, nikasema maneno mengi ya kusifu akademi, labda ili nijizoeshe kuyasema. Binti yangu hakushangaa. Alisema lazima asome, kwa kuwa anafundishwa na mwalimu wetu. Nikamuuliza mwalimu wetu yupi. Akanitajia yule mwalimu wa kike aliyekuwa analipwa na wazazi, ambaye ndiye aliyemfundisha mvulana yule yule darasa la kwanza na la pili kwetu, kwa kuitikia, katikati ya umati. Watoto walipohama, michango ilipungua, wakashindwa kumlipa, naye akafuata kazi akademi. Kule ana watoto wachache. Anaweza kuinama karibu na mmoja mpaka amalize neno.

"Na sasa darasa lake huko lina nani?" nikauliza.

Binti yangu alisema wakati mwingine hakuna mtu. Wakati mwingine mwalimu mkuu anamtuma yeye akawasomeshe wale wadogo asubuhi, kwa kuwa anasoma vizuri, kisha anarudi darasani kwake. Nikamuuliza na masomo yake ya asubuhi. Akasema atasoma jioni, nisijali, na kwamba watoto wa darasa la pili wanamwita mwalimu. Aliipenda hiyo. Nilisikia kabisa kwamba aliipenda.

Nilikwenda jikoni kama mtu anayekwenda kuzima moto. Jirani wa chini alikuwa anakoroga uji. Nilimwambia kila kitu kwa pumzi moja, nikitaka nione uso wake ukibadilika. Haukubadilika.

"Najua," alisema. "Nilijua tangu wiki ya kwanza. Ulitaka nimkatae, kwa sababu ni yeye?"

Alizima jiko, akanigeukia, na safari hii hakukuwa na ugomvi kwenye sauti yake, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Na wako? Utamwacha hapo afundishe watoto wa watu mpaka mtihani?"

Hasira niliyokuwa nayo sikujua nimwelekezee nani. Mwalimu yule alihitaji kula. Jirani yangu alihitaji mtoto anayesoma. Mwalimu mkuu alihitaji mtu yeyote wa kusimama mbele ya darasa. Nilitafuta mkosaji usiku na mchana, langoni kwa jengo langu, nikifungulia madam na sir, na kila niliyemshika alinitoka mikononi.

Wiki iliyofuata, wakati wa mapumziko ya chakula, nilishuka kwenye maegesho ya chini ambako hakuna anayenijua, nikaipigia akademi. Mwanamke mwenye adabu alipokea. Aliuliza mtoto ni wa darasa la ngapi na alama zake zikoje. Nilimtajia. Akasema mtoto wa alama hizo nafasi yake ipo, aje hata Jumatatu, wala hakuna haja ya kumpima.

Nilimshukuru, nikasema nitapiga tena. Sikupiga tena. Binti yangu alimaliza darasa la nane katika shule ile ile, chini ya turubai, na mpaka leo hajui kwamba nilipiga.